Zimamoto Yenye Mkuku: Kisa cha Moto wa Forodhani, Lamu

Maji yalikuwa yakipwa. Hilo ndilo la kwanza kushikwa katika kisa hiki, kwa sababu karibu kila kilichotuendea mrama usiku ule kilitokana na maji kupwa, na karibu kila ninachopendekeza hapa chini kinaanzia hapo.

Ulikuwa msimu wa kaskazi, siku ya pili baada ya mwezi kuandama, kwa hiyo maji yalikuwa ya bamvua, yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Kwetu Lamu siku kama hizo bahari hujaa alasiri, na mwendo wa saa nne au saa tano usiku huwa imepwa kabisa. Swala ya isha ilikuwa imekwisha. Watu walikuwa wametawanyika, wengine Mkunguni mbele ya ngome, wengine kwenye baraza zao. Pale forodhani vyombo vilivyofungwa karibu na ukuta vilikuwa vimeanza kukaa juu ya tope. Nje kidogo, penye kina, kulikuwa na boti ya faiba ya kubeba abiria, na kusini yake jahazi lililosheheni makuti.

Kijana wa boti alikuwa akimimina petroli kutoka mtungi wa lita 20. Mwenziwe aliinama nyuma kuunga waya wa betri apate taa. Cheche ikaruka. Kinachoungua katika petroli ni mvuke wake, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutulia chini ya sakafu ya boti kama maji ya ngama, yale yanayokusanyika tumboni mwa chombo. Kwa hiyo moto ulitoka chini ya miguu yao. Wote wawili walijitosa baharini. Mmoja aliungua mikono hadi viwikoni. Amepona, alhamdulillahi, ingawa vidole viwili bado havikunji sawasawa.

Faiba ikishika moto haifanani na mbao. Mbao hukupa muda. Faiba hutoa moshi mweusi unaokaba koo, na joto lake hukufanya urudi nyuma hata ukiwa mbali. Kamba ya nanga ilikatika kwa moto. Mkondo wa maji yanayopwa ukawa unaivuta boti upande wa Shela, na kaskazi ikiisukuma kuja mjini, basi ikawa inakwenda kimshazari mpaka ikalifikia jahazi. Makuti ya juu yakadaka moto papo hapo.

Watu walikuja na ndoo na magunia ya mchanga, lakini ndoo ya mtu aliyesimama ukutani haifiki kwenye jahazi lililo mbali majini. Fundi mmoja wa ujenzi akakumbuka pampu yake ya inchi 3, ile ya kutolea maji kwenye misingi ya nyumba. Ikaletwa kwa rukwama, na mipira ikabebwa mabegani. Tukaipakia kwenye mashua iliyokuwa imekaa topeni, na watu zaidi ya 10 wakaisukuma, tope magotini, mpaka ikaelea. Hapo zilipotea kama dakika 20. Kisha pampu ikanguruma bila kutoa hata tone. Chujio la mpira wa kunyonyea lilikuwa limezama topeni likajaa mwani, na ndani ya pampu mlikuwa na hewa. Mimi ndiye niliyeshika kopo la maziwa ya unga, nikimimina maji kwenye tundu la juu ili pampu ishike, na mikono ilinitetemeka hata nusu ya maji ikawa inamwagika nje.

Iliposhika, tukafanya kosa ambalo yeyote asiyefunzwa angelifanya. Tulielekeza maji kwenye boti. Petroli ni nyepesi kuliko maji, huelea. Maji yetu yakaisukuma ikamwagika nje ya boti ikiwaka, na kwa muda bahari yenyewe ilikuwa na ndimi za moto. Hapo ndipo nahodha mmoja mzee, aliyekuwa amesimama ukutani muda wote, alipopaza sauti:

"Wacheni hiyo, wanangu! Hiyo imekwisha! Rowesheni jahazi!"

Tukageuza mpira. Tukalirowesha jahazi ubavuni, tukawaloweka na vijana waliopanda kutupa makuti baharini. Mabaharia wawili wakaenda na boti nyingine ya mashine, wakarusha nanga ndogo yenye mnyororo, ikaishika faiba kwenye gubeti, yaani ncha ya mbele, wakaikokota hadi kwenye fungu la mchanga upande wa Manda, kisiwa cha ng'ambo. Ikaungulia huko peke yake.

Tukadhani tumemaliza. Jahazi likaanza kulala upande. Tulikuwa tumelimwagia maji kwa nusu saa. Hata pampu ile ikiwa ilitoa nusu tu ya uwezo wake, lita 500 kwa dakika, hizo ni tani 15 za maji, na mengi yaliingia ngamani. Tulifua maji, yaani kuyateka na kuyamwaga nje, mpaka karibu na adhana ya alfajiri.

Hicho ndicho kisa. Hasara ilikuwa boti moja, nusu ya shehena ya makuti, tanga moja, na mikono ya kijana mmoja. Kwa ukubwa wa hatari, tulitoka salama mno. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za boti za zimamoto katika miji ya bandari duniani, na kila nikisoma naona usiku wetu umeshatokea kwingine, tena kwa watu wenye vifaa vingi kuliko sisi.

Nianze na mashua yetu na pampu ya fundi. Katika miaka ya 1760 kampuni moja ya bima ya moto mjini London iliweka pampu ndani ya mashua kwenye mto Thames. Wanaume waliipiga makasia hadi penye moto, kisha wakashika mikono ya pampu na kuisukuma kwa nguvu zao. Sisi tulikuwa na injini badala ya mikono, lakini mpango ni uleule: chombo cha kazi nyingine, pampu ya kazi nyingine, na watu waliokusanyika baada ya moto kuanza.

Hatua iliyofuata ililetwa na msiba. Novemba 1872 sehemu kubwa ya mji wa Boston, Marekani, iliteketea. Farasi wa kuvuta magari ya zimamoto walikuwa wagonjwa kwa homa iliyoenea nchini mwaka huo, na watu wakalazimika kuyakokota magari kwa mikono. Sisi tunaobeba kila kitu kwa punda na rukwama twaelewa maana yake bila kuelezwa. Mwaka uliofuata, 1873, Boston ikapata chombo cha mvuke kilichoundwa mahsusi kuzima moto, William F. Flanders. New York ikafuata mwaka 1875 na William F. Havemeyer. Tangu hapo pampu ikaacha kuwa mzigo unaopakiwa. Ikawa kiungo cha chombo, imefungwa chini, inanyonya maji kupitia tundu la tumboni mwa chombo kilicho majini tayari. Hakuna kopo la maziwa. Dakika zile 20 zetu zilikuwa zimeondolewa duniani karne na nusu iliyopita, na kila nikilifikiria hilo moyo huniuma.

Baada ya mvuke zikaja injini za mafuta, na ukubwa ukapanda kupita kiasi. John J. Harvey ya New York, iliyoundwa mwaka 1931, inasukuma galoni 18,000 za Kimarekani kwa dakika, yaani lita 68,000 hivi. Three Forty Three, iliyoanza kazi mwaka 2010 na kupewa jina la idadi ya wazimamoto wa mji huo waliokufa Septemba 11, 2001, inafikia galoni 50,000. Ukizilinganisha na pampu ya fundi wetu, ambayo ikiwa haina mzigo wowote hutoa kama lita 1,000, mtu hukata tamaa. Naona ni makosa kukata tamaa kwa sababu hiyo, na kisa cha meli Normandie kitaonyesha kwa nini.

Meli hiyo kubwa ya Kifaransa iliwaka moto ikiwa gatini New York tarehe 9 Februari 1942, ikiwa inageuzwa kuwa meli ya kubebea wanajeshi. Boti za zimamoto, Harvey ikiwemo, na magari ya nchi kavu yakaimwagia maji kwa wingi, na moto ukadhibitiwa. Lakini maji yalikwama sakafu za juu, meli ikaanza kulala upande mmoja, na usiku uleule, kabla ya mapambazuko ya tarehe 10, ikapinduka palepale gatini. Haikusafiri tena. Waliokuwa na maji mengi kuliko wote duniani walizamisha walichokuwa wakikiokoa. Jahazi letu lilikuwa njiani kuelekea hukohuko, na lililoliokoa ni watu waliojua kufua maji na mzee aliyeona mapema jinsi lilivyokaa. Mtu wa kusimama kando na kutazama mkao wa chombo, bila kushika mpira, anahitajika kila mara. Usiku ule alipatikana kwa bahati tu.

Sasa nirudi kwenye maji kupwa, maana hapo ndipo penye uzito.

Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 ndege za Ujerumani zilimwaga mabomu ya moto juu ya London. Mabomba ya maji ya mji yakapasuka. Mto Thames ulikuwa karibu, lakini ulikuwa umepwa kupita kawaida, na wazimamoto wakawa wanatembea topeni na mipira yao kutafuta maji. Boti ya zimamoto ya mji huo, Massey Shaw, iliyoundwa mwaka 1935, ilikuwa na faida ya kutohitaji kina kikubwa. Miezi michache kabla, sifa hiyohiyo ndiyo iliyoiwezesha kukaribia fukwe za Dunkirk na kuokoa wanajeshi. Kisha kuna Venice, mji unaofanana na wetu kuliko mwingine wowote niliousoma: vichochoro, nyumba za kale, hakuna gari, wazimamoto huenda kwa boti. Tarehe 29 Januari 1996 jumba lao la muziki, La Fenice, liliwaka. Boti zilikuwepo na wazimamoto walikuwepo. Mifereji iliyozunguka jumba ilikuwa imekaushwa ili isafishwe, boti zikashindwa kukaribia, na jumba likateketea likabaki kuta.

Kwa hiyo mtu akija kutuonyesha boti ya zimamoto, swali la kwanza lisiwe inatoa lita ngapi. Tumuulize inaelea wapi saa tano usiku, siku ya pili ya mwezi mwandamo.

Swali hilo linajibu pia hoja ninayoisikia sana barazani, kwamba tunayo bandari kubwa sasa, basi tungoje tagi zake, zile boti za kukokotea meli. Gati la kwanza la bandari mpya, kule Kililana kwenye ghuba ya Manda, lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Tagi za bandari za siku hizi aghalabu hufungwa mizinga ya maji. Daraja la kwanza la kimataifa la vyombo vya kuzimia moto hudai mizinga miwili na jumla ya mita za ujazo 2,400 kwa saa, ikirusha maji mita 120. Ni nguvu kubwa, na kwa moto wa meli ya makontena ndiyo inayohitajika. Lakini tagi hutaka kina cha mita kadhaa. Mkondo wa Mkanda, ulio kati ya Manda na bara, una kina kidogo maji yakipwa, kwa hiyo tagi huenda ingelazimika kutoka nje na kuuzunguka mwamba wote wa Manda. Ikifika, itasimama mbali na ukuta wetu, na mzinga wake ukielekezwa kwenye paa la makuti utalipeperusha vipande vinavyowaka juu ya nyumba za jirani.

Nyumba za jirani ndizo hofu yangu ya kweli. Moto wa forodhani ulibaki baharini kwa rehema ya Mungu. Kaskazi ingezidi kidogo, cheche za makuti zingevuka ukuta. Mji wetu, ambao tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, una kuta nene za mawe ya matumbawe zinazostahimili moto vizuri, na juu ya kuta hizo zimelazwa boriti za mikoko na kuezekwa makuti. Moto hapa husafiri kwa juu, paa kwa paa, na watu huukimbiza kwa chini katika vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hurudi nyuma. Gari la zimamoto laweza kufika ukutani penye bahari, lakini usita wa mui, yaani njia kuu ya ndani ya mji, haliuingii. Na si Amu, yaani Lamu, peke yake. Mwaka 2009 moto uliteketeza mamia ya nyumba Faza, kisiwani Pate, na kutoka Amu hadi Faza hakuna barabara ya kupita gari lolote.

Ndiyo maana nasema boti ya zimamoto kwetu isihesabiwe kuwa ya moto wa baharini tu. Ndiyo gari letu. Kazi yake kubwa iwe kuisukuma bahari iingie mjini.

San Francisco walilijua hilo kwa njia ngumu. Tetemeko la tarehe 17 Oktoba 1989 lilipasua mabomba ya mtaa wa Marina, nyumba zikawaka, na wazimamoto wakakuta mabomba makavu. Boti yao Phoenix ikaja karibu na mtaa huo, ikanyonya maji ya ghuba na kuyasukuma kwa mipira mipana iliyotandazwa juu ya barabara. Moto ukazimwa kwa maji ya bahari. New York wakafanya vivyo hivyo baada ya Septemba 11: Harvey, iliyostaafishwa mwaka 1994 na baadaye kununuliwa na watu binafsi walioipenda, ikaitwa tena na kusukuma maji nchi kavu kwa karibu saa 80. Chombo cha miaka 70, lakini pampu zake zilikuwa zimetunzwa.

Hapo upana wa mpira una maana kuliko ukubwa wa injini. Ukipitisha maji kiasi kilekile kwenye mpira wenye nusu ya kipenyo, nguvu inayopotea njiani huongezeka kama mara 32. Usiku ule, kwa muda tulipounga mpira wa pampu na mpira wa bustani ili ufike mbali, maji yaliyotoka mwisho yalikuwa ya kunawia tu, na tukailaumu pampu. Zaidi ya hayo, pampu ya kutolea maji ya msingi imeundwa kwa wingi wa maji, haina msukumo. Hufikia kama bari 3 (bari ni kipimo cha msukumo) na hapo imekwisha, na pampu ya zimamoto hufanya kazi kwenye bari 7 hadi 10. Kwa nyumba ya ghorofa mbili au tatu kule mtaa wa Mkomani, yenye moto wake darini, tofauti hiyo ndiyo nyumba.

Nilimweleza nahodha yule habari hizi zote, barazani kwake, pamoja na picha. Aliitazama sana picha ya Massey Shaw, kisha akaniuliza:

"Na ikishatumia maji ya chumvi, ami, huioshaje?"

Sikuwa nimelifikiria. Yeye ameona mashine nyingi za boti zikifa kwa chumvi iliyokaukia ndani, na anajua kwamba chombo kinachongoja moto hukaa miezi bila kazi. Pampu ya bahari yataka magurudumu ya ndani ya shaba nyeusi, na yataka isuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila inapotumika, hata ikiwa ni kwa majaribio. La sivyo siku ya moto utakuta imeshikana. Mfuko wa kununulia boti hupatikana, kwa serikali ya kaunti, ambayo Katiba ya 2010 imeikabidhi kazi ya zimamoto, au kwa wafadhili. Wa kuisuuza kila wiki kwa miaka 15 ndiye wa kutafutwa kwanza, na alipwe.

Chombo ninachokiona mimi kingeweza kuundwa na mafundi wa vyombo wa kijiji cha Matondoni kwa umbo, ingawa kwa mwili ningechagua alumini kuliko faiba, nimeona faiba inavyoungua. Kiwe na tumbo bapa lisilotaka zaidi ya nusu mita ya maji. Kiwe na pampu iliyofungwa ndani na midomo minne ya kuungia mipira ya kupeleka mjini, na mapipa ya dawa ya povu, maana povu hufunika petroli na kuikata hewa, jambo ambalo maji hayawezi. Kilale kwenye kina karibu na gati, kisilale topeni. Na mipira mipana ihifadhiwe mjini, ndani ya makasha kwenye vichochoro, ili boti ilete maji na mji uwe na njia ya kuyapokea.

Bamvua lililofuata tulishuka sote forodhani saa tano usiku, nahodha akiwa na tochi, fundi akiwa na kamba yenye mafundo. Tulipima kutoka ukutani hadi maji yanapofika kiunoni, mkabala na ngome, Langoni, na upande wa kaskazini ya gati, na kila kipimo kimeandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe ya mwezi. Pampu ya fundi nayo sasa ina chujio linaloning'inia chini ya dumu tupu ili lielee juu ya tope, na valvu chini ya mpira ili isipoteze maji. Kila Ijumaa baada ya alasiri tunaishusha, inavuta maji ya bahari dakika 10, kisha tunaipa ndoo tatu za maji ya kisima mpaka yanayotoka hayana ladha ya chumvi. Fundi huonja mwenyewe.